Kurt Debus, mzee wa roketi: kutoka Ujerumani hadi mwezini, na ile asidi ya Luvua

Ukitoka Baraka ukafuata Ziwa Tanganyika mpaka Kalemie na Moba, kisha ukaingia ndani upande wa magharibi, unafikia bonde la mto Luvua, kati ya Manono na Pweto. Kwa mstari ulionyooka, kutoka kwetu mpaka pale ni kilomita 400 na kitu. Kwenye uwanda wa juu ya bonde lile, tarehe 17 Mei 1977, kampuni moja ya Kijerumani ilirusha roketi kuelekea mbinguni. Nchi yetu iliitwa Zaire wakati ule, na Katanga iliitwa Shaba.

Kampuni ile ilikuwa OTRAG. Mwenyekiti wa baraza lake la wasimamizi alikuwa mzee ambaye wataalamu wote wa roketi duniani walimjua: daktari Kurt Debus, kiongozi wa kiwanja cha Florida ambako watu walitoka kwenda mwezini. Jina lake ndilo lililowafanya wengi waamini kwamba kazi ya Luvua haikuwa mchezo.

Tunasimulia maisha yake leo kwa sababu mbili. Kwanza, yanagusa ardhi ya mashariki ya Kongo, na vijana wengi hawajapata kuisikia habari hii. Pili, kazi yake yote ilizunguka jambo ambalo hata mnunuzi wa dhahabu pale Misisi analijua vizuri: kuna dawa zenye nguvu sana zinazofanya kazi haraka, lakini mwenye kuzishika ndiye anayekula sumu yake.

Fundi wa umeme

Kurt Debus alizaliwa tarehe 29 Novemba 1908 katika mji wa Frankfurt, Ujerumani. Alisoma umeme kwenye chuo cha ufundi cha Darmstadt, akapata udaktari wake mwaka 1939. Mwaka huohuo vita kubwa ya dunia ilianza. Hakupelekwa mbele na bunduki. Alipelekwa Peenemünde, kwenye pwani ya bahari ya Baltiki, mahali ambapo kundi la Wernher von Braun lilikuwa linatengeneza kombora la V-2. Kazi ya Debus ilikuwa kwenye uwanja wa majaribio: kuhakikisha kombora limesimama sawa, limejazwa, nyaya zimeungwa, kisha kuliwasha.

Hapa tueleze kidogo jinsi roketi inavyofanya kazi. Motere ya pikipiki inavuta hewa ya nje ili mafuta yawake. Roketi inapanda mahali ambapo hewa hakuna, kwa hiyo inabeba vitu viwili: mafuta yenyewe, na kitu cha kuyachoma. V-2 ilibeba pombe kali na oksijeni iliyopozwa mpaka ikawa maji. Vitu hivyo viwili vilisukumwa na pampu kubwa, na pampu ile ilizungushwa na mvuke wa kitu tunachokijua wote. Ni ile o-oksijene ya kusafishia vidonda kwenye kituo cha afya, ambayo kwa jina la kitaalamu ni peroksidi ya hidrojeni. Ile ya kidonda ni nyepesi, asilimia 3 hivi tu, iliyobaki ni maji. Ile ya V-2 ilikuwa asilimia 80. Ikikutana na dawa ya kuiamsha, inapasuka palepale na kuwa mvuke wa moto na oksijeni. Hakuna moshi wa sumu unaobaki nyuma.

Lakini kama mvuke ule ulikuwa safi, kazi yenyewe haikuwa safi. Debus aliingia katika SS, lile jeshi la chama cha Hitler. Mwaka 1942 alimshitaki mfanyakazi mwenzake kwa polisi wa siri kwa sababu ya maneno aliyosema dhidi ya Hitler, na mwenzake akahukumiwa. Baada ya Peenemünde kupigwa mabomu mwezi wa nane 1943, makombora yalianza kutengenezwa ndani ya mahandaki ya mlima karibu na Nordhausen, na wafungwa wa kambi ya Dora ndio waliofanyishwa kazi ile. Maelfu walikufa kwa njaa, magonjwa na mapigo. V-2 ziliangukia London, na pia Anvers, bandari ya Ubelgiji ambayo mali ya Kongo ilikuwa inashukia. Tarehe 16 Desemba 1944, kombora moja lilipiga jumba la sinema pale Anvers na kuua watu 567.

Mambo haya tunayasema mwanzoni ili msomaji asije akafikiri kwamba fundi hodari ni lazima awe mtu aliyewajali wengine. Debus alikuwa hodari kweli. Kwa miaka yake ya Ujerumani, swali la nani anaumia halikumzuia kuwasha.

Florida, na uchaguzi wa pombe

Vita ilipokwisha, Wamarekani walichukua wataalamu wa V-2 na kuwapeleka kwao. Makosa mengi yalifunikwa, kwa sababu walitaka ujuzi wao kabla Warusi hawajaupata. Debus alianzia Fort Bliss, Texas, akahamia Huntsville mwaka 1950 pamoja na von Braun, kisha akakabidhiwa kazi ya kurusha makombora pale Cape Canaveral, Florida. Mahali pale palikuwa mchanga, vichaka, mbu na bahari. Mwezi wa nane 1953 walirusha Redstone ya kwanza, mtoto wa V-2: nayo ilitumia pombe na oksijeni, na pampu yake ilizungushwa na ileile o-oksijene nzito.

Mwaka 1957 Warusi waliwatangulia kwa kuweka Sputnik angani. Wamarekani wakawa na haraka. Ili Redstone ipate nguvu zaidi, pombe iliondolewa, ikawekwa mafuta mengine yaliyoitwa Hydyne. Ndani yake kulikuwa na ndugu wa hidrazini, maji yasiyo na rangi ambayo yanachoma ngozi, yanaharibu mapafu na ini, na wataalamu wanayahesabu kati ya vitu vinavyoweza kuleta saratani. Roketi ile iliyobeba Hydyne ndiyo iliyopeleka juu Explorer 1, satelaiti ya kwanza ya Marekani, tarehe 31 Januari 1958. Debus ndiye aliyeongoza kurushwa kwake.

Kisha ikaja kazi ya kumpandisha mtu. Hapo hesabu ilibadilika. Mafundi wa Redstone walirudi kwenye pombe, ijapokuwa Hydyne ilikuwa na nguvu zaidi, kwa kuwa kama mambo yangeharibika mtu aliye juu asingepaswa kuzungukwa na sumu. Na kile chombo kidogo chenyewe kilichombeba Alan Shepard tarehe 5 Mei 1961 kilikuwa na vijimotere vya kukigeuza kulia, kushoto, juu na chini. Vijimotere vile vilitumia o-oksijene ya asilimia 90 hivi. Mmarekani wa kwanza kufika angani aliendesha chombo chake kwa kitu kinachogeuka kuwa mvuke na oksijeni.

Tukumbuke jambo hili vizuri. Leo watu wanapozungumza juu ya mafuta ya angani yasiyo na sumu kali, wengi wanadhani ni uvumbuzi wa juzi. Kumbe wazee walikuwa nayo tangu mwanzo, na waliyachagua pale uhai wa mtu mmoja anayejulikana kwa jina na sura ulipowekwa mezani.

Kwa nini basi sumu ilirudi?

O-oksijene nzito ina shida yake. Haitulii. Ukiiweka kwenye tangi, polepole inajigeuza kuwa maji na oksijeni, na uchafu kidogo tu unaweza kuifanya ipasuke. Kwa safari ya dakika 15 kama ya Shepard, hakuna shida. Kwa satelaiti ya kukaa juu miaka kumi, haifai. Hidrazini inakaa miaka bila kuharibika, inawaka mara moja ikigusa dawa yake ya kuamsha, na inatoa msukumo mzuri zaidi.

Kwa safari ya mwezini walitumia ndugu zake hidrazini pamoja na kitu kingine kiitwacho tetroksidi ya nitrojeni. Hivi viwili vikikutana tu, vinawaka vyenyewe, bila kiberiti. Ukiwa mwezini na motere moja tu ya kukurudisha, kitu kinachowaka chenyewe ni baraka. Lakini duniani, pale Florida, wafanyakazi waliojaza matangi yale walivaa nguo nzito zilizofungwa kila upande, zenye hewa yake ndani, kama mtu anayezama ziwani.

Wakati huo Debus alikuwa mkubwa wa mahali pote. Tarehe 1 Julai 1962 kituo chake kilifanywa kuwa kituo kamili cha NASA, naye akawa mkurugenzi wake wa kwanza. Kennedy alipouawa mwaka 1963, kituo kilipewa jina lake. Debus alisimamia ujenzi wa jumba kubwa la kuunganishia roketi, barabara za mitambo ya kuzibeba, na viwanja vya 39A na 39B. Tarehe 16 Julai 1969, kutoka 39A, roketi ya Saturn V yenye urefu wa mita 110 na uzito wa karibu tani 3,000 iliondoka na watu watatu wa Apollo 11. Watu 12 waliotembea mwezini, wote walipita mikononi mwa kituo chake. Alistaafu mwezi wa kumi na moja 1974.

Miezi michache baadaye, mwezi wa saba 1975, chombo cha mwisho cha Apollo kilikuwa kinarudi duniani. Karibu na kutua, moshi wa tetroksidi ya nitrojeni uliingia ndani walimokaa wale watatu. Mmoja alizimia. Walipona, lakini walilazwa hospitali Hawaii wakichungwa mapafu yao. Kosa dogo la vifungo lilitosha.

Luvua

Mzee aliyestaafu angeweza kukaa kwenye kiti chake Florida. Badala yake Debus alikubali kuwa mwenyekiti wa OTRAG, kampuni ya injinia kijana Lutz Kayser. Wazo la Kayser lilikuwa la kuvutia: kutengeneza roketi kwa bei ndogo kabisa. Badala ya tangi moja kubwa la thamani, afunge pamoja mabomba mengi membamba yanayofanana, kama mwanamke anavyofunga mzigo wa kuni. Valvu zake zilifunguliwa na vijimotere vya kupangusia vioo vya gari. Pampu hakuna, hewa iliyoshindiliwa ndani ya bomba ndiyo iliyosukuma. Mafuta yalikuwa mafuta ya taa ao mazuti ya kawaida. Na cha kuyachoma kilikuwa asidi ya nitriki iliyochanganywa na tetroksidi ya nitrojeni.

Kwa nini Shaba? Dunia inazunguka kwa kasi zaidi ikweta, karibu kilomita 1,670 kwa saa, na roketi inayoondoka karibu na ikweta inapata msukumo huo bure. Wataliani walikuwa wamekwisha kufanya hivyo pwani ya Kenya, karibu na Malindi, kuanzia mwaka 1967. Na Ujerumani Magharibi haikuwa na nafasi, wala haikuruhusiwa kutengeneza makombora makubwa. Mobutu alitaka sifa ya nchi ya Kiafrika inayorusha satelaiti.

Mwaka 1976 walitia sahihi. Kampuni ilipewa ardhi ya kilomita za mraba 100,000 mpaka mwaka 2000. Mkataba ulipotoka hadharani, watu walishangaa: kampuni iliweza kuomba wakaaji waondolewe mahali inapofanyia kazi, na watu wake walipewa kinga mbele ya sheria za nchi. Kwa maneno mengine, wanakijiji wa mabonde yale waliandikiwa maisha yao na watu wawili waliokaa mbali, mmoja Kinshasa na mwingine Ujerumani. Wao hawakuitwa.

Na ulikuwa wakati gani? Huku kwetu, milima ya Hewa Bora ilikuwa mikononi mwa PRP ya Laurent-Désiré Kabila. Kusini, mwaka 1977, vita ya Shaba ilikuwa inaendelea roketi ya kwanza iliporuka. Roketi ya pili iliruka tarehe 20 Mei 1978, siku moja tu baada ya askari wa Ufaransa kushuka kwa miavuli Kolwezi. Ilifika urefu wa kama kilomita 30. Ya tatu, tarehe 5 Juni 1978, Mobutu mwenyewe alikuja kuitazama. Iliondoka, ikapinda, ikaanguka katika bonde la Luvua.

Majirani walianza kupiga kelele. Angola, Zambia na Tanzania waliogopa kwamba ni makombora ya vita yanayojificha nyuma ya biashara. Umoja wa Kisovieti ulisema hivyo wazi, na Ufaransa nayo haikufurahi. Kwamba mwenyekiti alikuwa mtu wa V-2 kulizidisha mashaka. Mwezi wa nne 1979 Zaire ilivunja mkataba. Kayser alihamia Libya. Debus aliacha uenyekiti mwaka 1980, akafa Florida tarehe 10 Oktoba 1983, akiwa na miaka 74. Kuna shimo moja kubwa la mwezi lililopewa jina lake, kwenye ukingo ambao kutoka duniani hauonekani vizuri.

Moshi uleule

Sasa turudi kwenye ile asidi, maana haiko mbali nasi. Asidi ya nitriki ndiyo ambayo wanunuzi wengi wa dhahabu wanatumia kusafisha na kupima mali. Dhahabu yenyewe haiyeyuki ndani yake, lakini shaba, fedha na takataka nyingine za madini zinayeyuka, na hapo unatoka moshi wa rangi nyekundu iliyochanganyika na kahawia. Moshi ule ni wa ukoo mmoja na tetroksidi ya nitrojeni: ndio uleule uliowalaza wale watu watatu wa Apollo. Ubaya wake ni kwamba unadanganya. Mtu anakohoa kidogo, anasikia nafuu, anaenda nyumbani kula. Baada ya saa nyingi, hata siku nzima, mapafu yanaanza kujaa maji. Kwa hiyo aliyeuvuta kwa wingi apelekwe hospitali hata kama anasema ni mzima, na waganga waambiwe ni moshi wa asidi. Kazi ile ifanyiwe nje, upepo ukiwa mgongoni, watoto wakiwa mbali. Na asidi isiwekwe kamwe kwenye chupa ya soda.

Florida, mwenye kujaza tangi alivaa nguo ya kufungwa yenye hewa yake. Kwenye meza ya dhahabu, mara nyingi mtu anaziba pua kwa kola ya shati. Kemia ni ileile. Kinachotofautiana ni nani aliyehesabiwa kuwa mtu wa kulindwa.

Baada ya Debus, dunia ya satelaiti imeanza kurudi kwenye njia ya pombe na o-oksijene, ila kwa dawa mpya. Waswidi walitengeneza mafuta yasiyo na hidrazini, wakayajaribu angani kwenye satelaiti ya PRISMA iliyorushwa mwezi wa sita 2010. Wamarekani wana yao, yanaitwa ASCENT. Yanajazwa bila zile nguo nzito, na tangi lenye ukubwa uleule linatoa msukumo zaidi kwa karibu nusu kuliko hidrazini. Tarehe 25 Juni 2019 satelaiti ndogo ya kuyajaribu iliondoka Florida, na iliondokea kiwanja 39A, kilekile ambacho Debus alikijenga. Jaribio lilifaulu.

Haina maana kwamba kila kitu kimekwisha. Mafuta haya mapya yanataka dawa ya kuyaamsha ipashwe moto sana kwanza, na moto wake ni mkali kiasi cha kuhitaji madini ya bei kubwa ndani ya motere. Mwezi wa kumi na mbili 2022 chombo kidogo cha Lunar Flashlight kilirushwa kikitumia ASCENT. Uchafu, kwa dhana ya wataalamu, uliziba mirija yake, na hakikufika kwenye njia ya kuuzunguka mwezi. Na sumu kidogo si sawa na hakuna sumu: hakuna anayesema uyanywe.

Manono leo inatajwa tena duniani, safari hii kwa litiumu. Wageni wanakuja na karatasi, ramani na majina makubwa, kama walivyokuja mwaka 1976. Jina la Debus lilikuwa kubwa kuliko mengi, na ujuzi wake ulikuwa wa kweli. Lakini jina kubwa halikuwaambia watu wa Luvua ni nini kilichokuwa ndani ya yale mabomba, wala ni nani angelipa kama lingeanguka kijijini badala ya bondeni. Yule anayekuja leo, kabla ya kuulizwa ataleta nini, aulizwe kwanza hayo mawili: ndani ya bidoni muna nini, na nani atakayeishika.